Aya Niliyoiruka

Mama mkubwa Klaudia hakujua kusoma, kwa hiyo barua za mwanawe Datius nilizisoma mimi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Kaagya, na marehemu mumewe na baba yangu walikuwa ndugu wa tumbo moja. Barua haikusomwa chumbani. Ilisomwa mbele ya nyumba, majirani wamekaa kwenye nyasi, kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi, kikizunguka, nami nikigeuza Kiswahili cha Datius kuwa Kihaya sentensi kwa sentensi.

Nilimchukia Datius, na sioni sababu ya kuficha. Tulikwenda pamoja Bukoba kwenye usaili wa polisi. Mimi niliongoza kwa imla na hesabu, yeye akaongoza kwa urefu. Wakamchukua yeye, mimi nikarudi kushika chaki.

Barua ya mwaka ule wa sabini na saba ilitoka Dar es Salaam. Walikuwa wanatafutwa maofisa wa usalama wa ndani ya ndege, watu wa kukaa katikati ya abiria wamevaa kiraia, bastola imefichwa ndani ya koti, ili mtu akitaka kuteka ndege wamkomeshe hukohuko angani. Datius aliomba. Alikwisha kufaulu shabaha, mbio, mieleka na Kiingereza. Wanawake walipiga vigelegele. Nikaendelea, nikafika penye jina langu: "Mwambieni Mujuni asijisumbue kuomba. Huku hawataki mtu wa kupanda juu ya kiti ndipo achungulie dirishani."

Wakacheka. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Byarugaba, alicheka hadi akapaliwa. Mama mkubwa aliwapita wote, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Aya iliyofuata ilisema hivi: "Limebaki jambo moja, upekuzi. Watakuja watu wawili nyumbani, hawatasema wametoka wapi. Watauliza kama mimi ni mtoto wa hapo na nina tabia gani. Msiwaogope, semeni kweli. Bila hivyo kazi sipati."

Hiyo niliisoma kwa macho. Kwa mdomo nikasoma salamu za mwisho, nikakunja karatasi, nikamrudishia mama mkubwa aiweke kwenye kopo lake la barua.

Nilijua ninachofanya. Miaka ile kahawa ya magendo ilikuwa ikivushwa kwenda Uganda, na Land Rover ikiingia kijijini, wageni wakataja jina la kijana, jibu lilikuwa moja kwa nyumba zote: hatumjui. Vijana wawili wa ng'ambo ya bonde walitajwa na jirani mwenye kiherehere, wakafungwa.

Wageni walikuja baada ya wiki tatu, siku ya Jumamosi, wamevaa suti za Kaunda. Walianza kwa balozi.

"Nyumba zangu kumi nazijua hadi mbuzi," mzee Byarugaba aliwaambia. "Huyo hayumo."

Wakaja kwa mama mkubwa. Alikuwa anapalilia kibanja, nami nilikuwa namkatia mkungu wa ndizi. Wakampa picha.

"Mama, kijana huyu ameandika kwamba wewe ndiye mama yake."

Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akawarudishia.

"Simjui, waitu," akawaambia kwa heshima.

"Huna mtoto wa kiume?"

"Nilikuwa naye mmoja," akasema, akaelekeza jembe kwenye kaburi lililokuwa migombani. "Yule pale."

Lilikuwa kaburi la mumewe. Wageni wakaandika. Kisha wakasema kesho yake watakwenda Muleba kwa Karugendo, mjomba aliyetajwa kwenye fomu. Land Rover ilipoondoka, mama mkubwa alinishika shati.

"Kimbia, mwanangu. Panda basi. Mwambie kaka yangu asithubutu kumkiri."

Nikapanda. Basi lilipata pancha mara mbili, nafasi ya kubadili moyo nilikuwa nayo tele, na sikubadili. Karugendo, fundi cherehani wa pale sokoni Muleba, aliapa kumkana, akanilisha vizuri. "Wewe ndiye ndugu," akaniambia.

Datius alirudi baada ya miezi mitatu. Kazi ya ndege aliikosa, na kwenye upolisi wakamfukuza kwa kudanganya kuhusu asili yake. Alimkuta mama yake anaanika kahawa, nami nikimsaidia, wala hakumwamkia.

"Niliandika kwamba watakuja!"

"Hukuandika, mwanangu."

Datius akaingia ndani, akaleta kopo, akatoa barua, akaweka kidole kwenye aya. Wote wawili wakanigeukia.

"Nilimsomea mara mbili, majirani walipokwisha kuondoka," nikasema. "Na siku ile nikamwambia, mama mkubwa, hawa ndio wale. Akanifokea, akanituma Muleba. Ningembishia mzazi?"

Mama mkubwa alikuwa amevuka sitini, chumvi aliisahau kila siku, na kwa mambo ya karatasi aliniamini mimi kuliko kichwa chake. Akapiga magoti mbele ya mwanawe, pale kwenye kahawa.

"Nisamehe. Ni uzee."

"Uliwaambia nimekufa," Datius alisema. "Basi nimekufa." Akachukua sanduku lake, akarudi barabarani. Hatukumwona tena.

Mama mkubwa aliokota barua, akanikabidhi, akaniomba nimsomee upya. Nikamsomea yote kwa Kihaya, na safari hii sikuruka neno. Nilipofika kwenye aya ile alifumba macho, akatikisa kichwa taratibu.

"Ndiyo," akasema. "Sasa nakumbuka. Ulinisomea."