Kilo za Shangazi

Siku ya kumi na tisa tangu aanze kuchanganya vijiko viwili vya unga wa madini kwenye pumba, mama mwenye ng'ombe aliketi kukamua, akakuta chuchu ziko usawa wa macho yake. Akachungulia chini. Kwato zote nne zilikuwa hewani, shibiri nzima kutoka sakafuni. Akaenda kuleta kiti cha sebuleni, akaendelea na kazi.

Ng'ombe huyo, wa pekee pale nyumbani, aliitwa Shangazi kwa tabia yake ya kumtazama kila mtu kama hajaoga. Mume wa mama, fundi viatu, alimshonea mshipi mrefu wa ngozi, wakamfunga kwenye nguzo ya uani.

"Mke wangu, si uache tu kumpa huo unga?"

"Nikiacha, kiwanda kilichotupa unga hakipokei maziwa yetu. Mpaka bwana mifugo aandike kwamba una madhara."

Bwana mifugo alikuja Jumanne na fomu yake. Alikuwa mtu wa watu, anayesalimia hadi kuku. Uzito aliupima kama mabwana mifugo wote walivyofundishwa, kwa utepe wa kuzungusha kifuani, wenye sentimita upande mmoja na kilo upande wa pili. Ilibidi apande kwenye kiti. Kifua cha Shangazi kilikuwa kimetanuka.

"Kilo mia nne na kumi! Ameongezeka kumi na mbili. Hongera, mama."

"Bwana mifugo, huyu namshusha kwa kidole." Akamshusha kwa kidole. Alipomwachia, Shangazi akarudi juu taratibu.

"Naona. Ila utepe ndio unaosema kilo."

"Basi andika anaelea."

Bwana mifugo alishuka kitini, akasimama nyuma ya Shangazi, akageuza fomu mbele na nyuma. Kulikuwa na visanduku vya homa, kuhara, kukosa hamu ya kula na kifo.

"Anakula?"

"Sana."

"Anaharisha?"

"Hapo uliposimama," alisema fundi viatu, "ungekuwa wa kwanza kujua."

Bwana mifugo akasogea hatua mbili, akaandika: Hakuna madhara. Kisha akampiga Shangazi picha kwa simu, ya kupeleka ofisini.

Ng'ombe wa jirani, aliyelishwa unga uleule na kufungwa kwa kamba ya katani, aliikata mwezi uliofuata, akaondoka angani kuelekea kaskazini. Kwenye fomu yake iliandikwa: Amehama. Tangu siku hiyo mama alikagua nyuzi za mshipi kila asubuhi kabla hata ya kupiga mswaki.

Gunia jipya la unga lilipofika, lilikuwa na picha ya Shangazi, miguu imekatwa, nyuma yake anga safi. Chini yake maandishi: Umejaribiwa. Ni salama.

"Ametoka vizuri," alisema fundi viatu.

Mama alipanda ngazi hadi juu ya paa, usawa ambao Shangazi alikuwa ameshafika, akamwonyesha. Shangazi akalitazama gunia kama halijaoga.

Mama akavuta nyuzi moja moja, akaongeza fundo, kisha akapima vijiko viwili.