Pawa Saplai Isiyoitika

Pawa saplai ya zamani ya Hamdi, kile kisanduku kinacholisha kompyuta umeme, ilibandikwa karatasi ya kujisifu: wati mia saba. Ilinguruma kutwa kama mtu aliyelazimishwa kazi. Debe tupu haliachi kuvuma. Kwa video za harusi alizohariri haikumsumbua. Garissa hakuna harusi ya kunong'ona. Lakini ilikuwa imemharibia wimbo wa nyanya yake.

Nyanya huyo, ayeeyo Weris, alikuja mjini kutibiwa macho. Katika ukoo mzima ni yeye tu aliyebaki akiujua wimbo wa kunywesha ng'ombe kisimani, aliofunzwa na babake. Hamdi aliurekodi studioni, yaani chumba kimoja, kompyuta hapa, maikrofoni hapa. Aliposikiliza alisikia mngurumo na, kwa mbali, nyanya. Sasa mvua ilikuwa imenyesha Ijara, kwao malishoni, na ayeeyo angerudi leo baada ya sala ya adhuhuri. Kwa umri ule, hakuna aliyethubutu kuuliza atakuja tena lini.

Asubuhi Salah, fundi wa mtaa wa pili, akaleta pawa saplai mpya: wati elfu moja, nzito kama jiwe la kusagia. Wakaifunga, wakaiwasha. Feni haikuzunguka.

"Imekufa," alisema Hamdi.

"Imetulia tu. Haizunguki mpaka ipate moto."

"Hapa Garissa, na joto hili?"

"Hata Garissa."

Hamdi hakuwa mtu wa kuamini fundi. Akaibebesha kompyuta harusi tatu kwa mpigo. Kadi ya picha ikachemka, na feni ikaanza kuzunguka polepole, kwa adabu. Akarekodi chumba kitupu. Aliposikiliza, alisikia tumbo lake likidai chai. Salah akashukuriwa na kuruhusiwa kwenda.

Ayeeyo akaja, akakaa, akangoja. Hamdi naye akangoja.

"Iwashe, ayeeyo," akasema nyanya. Kwao nyanya na mjukuu huitana kwa neno hilo hilo.

"Imewaka, ayeeyo."

"Mbona haiitiki?"

Hapo Hamdi akaelewa, na hakufurahi. Wimbo wa kisimani ni wa watu wawili: aliye chini huchota na kuimba, aliye juu hupokea ndoo na kuitikia. Siku ile ya kwanza, nyanya aliuimbia ule mngurumo, akidhani ndio unaomwitikia.

"Siwezi kuimba kwenye kisima kisicho na mtu," alisema ayeeyo. "Ng'ombe watakufa kiu. Itikia wewe."

Hamdi alizaliwa mjini. Ndoo aliyoijua ni ya kufulia. Tena maikrofoni ilikuwa moja, na sauti yake ingeingia humo humo. Aliona aibu hasa. Lakini adhuhuri haimngoji mwenye aibu. Akaitikia, "Hoo." Alichelewa. Akachelewa tena. Wakaendelea hivyo mpaka ng'ombe wote wakanywa, na gari la Ijara likapiga honi nje.

Nyanya alipokwisha kuondoka, Hamdi akavaa hedifoni, akinuia kuifuta sauti yake. Kila "hoo" ilikwaruza, na hakuna hata moja iliyoukuta wimbo ulipo. Ila kabla ya kila moja, katika ule utulivu, alimsikia nyanya akivuta pumzi, akiizuia, akimngoja. Hakumtangulia hata mara moja.

Hamdi akalia. Hakufuta kitu.