Jino Lililokunywa Rangi

Fulgensi hakuiba hata punje, lakini aliogopa kuliko mwizi mwenyewe. Jamani, hofu haiulizi nani ana haki.

Mpunga wa mbegu wa Nikodemu uliibwa usiku ambao mwenyewe alikuwa matangani kijiji cha Kisawasawa. Sasa kijiji kizima cha Idete kilipangwa mstari mbele ya mganga kutoka ng'ambo ya mto. Chungu chake kilijaa maji ya magome yaliyochemshwa pamoja na misumari yenye kutu, meusi tititi. Kila mtu asukutue, ateme, aoneshe meno. Mwizi jino lake litabaki jeusi. Atanyolewa kichwa hadharani, atafukuzwa kijijini, na mkewe atarudishwa kwao.

Fulgensi alimfikiria Aurelia wake, ndoa yenyewe bado mbichi, akaubana mdomo. Maana jino lake la mbele halikuwa jino zima. Lilimeguka kabla hajaoa, na sista wa meno kule hospitali ya misheni Ifakara akaliziba kwa saruji nyeupe, usingejua ni la kutengenezwa.

"Lakini hii inakunywa rangi," sista alimwonya. "Chai kali na tumbaku, acha."

Tumbaku aliacha. Chai je? Wee! Saruji ikaanza kuwa ya kahawia ukingoni, naye akajizoeza kucheka amefumba mdomo. Hakumwambia mtu, hata mkewe.

"Fulgensi!"

Akasukutua. Akatema. Mganga akamshika kidevu, akamgeuza juani.

"Huyu hapa!"

"Siku za mwizi ni arobaini!" watu wakapiga kelele, wakamkamata mikono.

"Ni la hospitali!" Fulgensi alilia. "Sista aliliziba!"

"Hospitali gani inayoweka meno meusi?" wakamcheka. Wembe ukatolewa. Aurelia akapiga yowe, na Fulgensi akajua amekwisha.

Hapo ndipo Mama Domitila, mama yake Aurelia, alipochomoka kwenye mstari wa wanawake. Mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, mila ndiyo hiyo. Tangu siku ya posa Fulgensi hakuwahi kuuona mdomo wake, kila mara umefunikwa kanga. Wanawake walikuwa bado hawajafikiwa. Angeweza kunyamaza, mwizi si ameshapatikana? Alichota dawa, akasukutua, akatema. Kisha akashusha kanga, akafungua mdomo mbele ya kijiji kizima na mbele ya mkwewe.

Jino lake la mbele lilikuwa jeusi vilevile.

"Nikodemu," akasema, "usiku mpunga wako ulipoibwa, mimi nilikuwa wapi?"

Nikodemu akasogea mbele. "Kisawasawa, mama. Kwenye matanga ya baba yangu. Tulikesha wote."

"Basi jino hili limeiba nini? Sista aliyeziba la kwangu ndiye aliyeziba la huyu mtoto."

Mganga akainama kukusanya vitu vyake. Mikono iliyomshika Fulgensi ikalegea mmoja mmoja, naye akaanguka magotini akilia, asiweze kuyaondoa macho usoni pa mkwewe.

Domitila akajifunika tena kanga.

"Geukia kule, baba," akamwambia taratibu. "Umeniona vya kutosha."