Kigoda cha Bibi Sabaha

Mke wangu Joyceline huwaonya wageni: Gaudens akikwambia ni mchana, toka nje kwanza ukaangalie jua. Sibishi. Tangu nistaafu reli sina kazi nyingine ila kutunga maneno, na ndiyo maana Shaibu alinifuata nimwandikie bango.

Shaibu ni mtu wa Newala, anauza mizizi na magome Kariakoo, upande wa kutokea Msimbazi. Kazi aliachiwa na marehemu bibi yake, Sabaha, pamoja na kigoda ambacho yeye mwenyewe hakikalii. Kwao dawa haitoki mkononi mpaka itajwe ilikotoka. Kila mteja alisomewa: "Mzizi huu nimepewa na Sabaha, Sabaha alipewa na baba yake Anuari, Anuari na mama yake Somoe, Somoe na shangazi yake Nambunga..." na mwisho mwanamke wa kwanza, aliyempa Nambunga, ambaye alimwona nguchiro ameumwa na nyoka, akachimbua mzizi, akautafuna, akapona.

Nilicheka nusura meno yanidondoke. "Bwana Shaibu, mjini hapa unamtaja nguchiro? Niachie mimi."

Nikaandika kwa rangi nyekundu: TIBA YA SHAIBU. ILIGUNDULIWA NA MATABIBU WA FARAO.

Shaibu akakuna kichwa. "Na bibi je, mzee?"

"Bibi haenei kwenye bango. Hayo majina achana nayo."

Akaachana nayo. Wateja wakajaa. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nimekaa naye pale, akaja Brightness, Mchaga mwenzangu wa duka la vitenge. Akakiinamia kigoda.

"Shikamoo bibi."

Kigoda kilikuwa kitupu. Lakini tulisikia, mimi na Shaibu, nakuapia: "Marahaba." Kavu, kama gome linavunjwa.

"Bibi yenu kanuna," Brightness akasema. "Mmemfanyaje?"

Kuanzia hapo Shaibu akaanza kusahau. Kwanza mzizi wa mgongo, kesho yake wa kifua. Kila asubuhi akifungua magunia, moja limekuwa geni kwake. Alhamisi alishika gome, akalinusa, akaniuliza, "Mzee, hili la nini?"

Mwarobaini! Dawa ambayo mtoto yeyote wa Dar huijua kwa uchungu wake hata ukimfumba macho. Safari hii sikucheka. Mikono yake ilikuwa inapapasa magunia kama ya mtu aliyeamka kwenye nyumba isiyo yake.

"Nikikosea nitaua mtu," alisema. "Na nikiacha, yote aliyonipa bibi yanazikwa na mimi."

Ijumaa, jua la utosini, tulilishusha bango. Wapagazi wanapiga kelele, "Mzigo! Mzigo! Pisha!" Shaibu akasimama mbele ya kigoda.

"Nimepewa na Sabaha. Sabaha alipewa na Anuari. Anuari..."

Midomo inacheza, sauti haipo. Akanigeukia. Hapo ndipo nilipotambua kwamba aliyebaki na majina yale ni mimi niliyeyafuta.

"Anuari na mama yake Somoe," nikaendelea. "Somoe na shangazi yake Nambunga." Nikafika kwa yule wa kwanza, wa nguchiro. Jina lake sikuwahi kulisikia. Lakini mimi, Gaudens, nishindwe jina? "Na Nambunga alipewa na Malkia Zainuna, aliyekuwa na..."

Kigoda kikakohoa.

Kilikuwa kikohozi cha bibi anayemngoja mtoto amalize uongo wake. Brightness aliyekuwa anapita akasema, "Pole, bibi."

Nikajaribu jina la pili. Kikakohoa tena, karibu zaidi, nikasikia pumzi shingoni ina harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi.

"Simjui," nikasema. "Alipewa na mwanamke ambaye jina lake hatulijui. Na yeye alifundishwa na nguchiro."

Shaibu akaokota lile gome, akalinusa. "Mwarobaini," akasema, na machozi yakamtoka. Akagusa gunia la kifua, la mgongo, la tumbo, akiyaita moja moja kama watu waliorudi safarini. Halafu akaniangalia kwa huruma.

"Mzee Gaudens, kwetu anayeyataja yote mpaka mwisho, amepokea."

"Amepokea nini?"

Brightness alipopita tena alikitazama kigoda. "Kha! Bibi yenu kaenda wapi?"

Jioni, mlangoni kwangu, Victoria, binti wa jirani, akaniamkia. Nikaitikia marahaba. Nyuma yangu ikaitikia nyingine, kavu.

Siku hizi nikianza kumpiga mtu fiksi, kikohozi kinanitangulia, na Joyceline anafurahi mno. Haya niliyoandika nimekoholewa mara moja tu, pale niliposema nusura meno yanidondoke. Ni kweli. Meno yangu yaliisha zamani.