Sauti ya Fundi Viatu

Fundi viatu alikuwa amekwisha kuzikwa, lakini kila asubuhi alipita mtaani akitangaza biashara yake.

"Kiatu kinachocheka, kileteni tukifumbe mdomo! Soli, kisigino, zipu ya begi! Fundi yupo! Leo yupo!"

Aliyembeba ni mjane wake. Alitundika begani spika ya betri yenye sauti ya mumewe, akapita kichochoro kwa kichochoro, na marehemu akapiga kelele ubavuni mwake kwa furaha ileile ya siku alipojirekodi. Alipokuwa hai, watu walitoka milangoni wakicheka, viatu mkononi. Sasa mapazia yalifungwa. Mama mmoja aliyekuwa akifua aliposikia "Leo yupo!" aliacha nguo kwenye beseni, akaingia ndani na kutia komeo. Mjane aliona, akajifanya hakuona.

Hakuwa mjinga, tusimwonee. Alijua rafu ya dukani ilikuwa imebaki tupu, na kwamba mwenye nyumba ameanza kuwaonyesha watu wengine kile chumba cha duka kupitia dirishani. Kazi aliiweza. Miaka yote yeye ndiye aliyeshona nyuma ya pazia huku mumewe akipokea sifa mbele. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Mumewe alizoea kuwajibu kwamba wahenga hawakuwahi kulipa kodi ya duka.

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara ndiye aliyethubutu kusema.

"Shemeji, nikwambie kitu, usinikasirikie."

"Sema."

"Badilisha hiyo sauti. Mtu tumemfukia wenyewe, halafu anapita anasema leo yupo. Nani atampelekea kiatu?"

"Si mlikuwa mnampenda?"

"Tulimpenda sana. Ndiyo maana tunaogopa. Bonyeza hicho kitufe chekundu, sema maneno yako, yaishe."

Yaishe! Spika ile ilishika sauti moja tu. Ukirekodi mpya, ya zamani imekwenda. Alikuwa amepanga kuipeleka kwa fundi simu ainakili, lakini kila siku alipata udhuru, kwa sababu kunakili kulikuwa ni kukubali kufuta. Na nyumbani alikuwapo mama mkwe.

Mchana, bibi yule aliisikia sauti ikirudi kutoka mbali. Alinyanyuka, akamimina chai vikombe vitatu. Nyumba ilikuwa na watu wawili. Kikombe cha tatu kilipoa mezani, na jioni mjane alikimwaga. Naye hakuwa mzima kuliko bibi. Kuna siku aliapa kwamba kati ya tangazo na tangazo, ndani ya ule mkwaruzo, mumewe alivuta pumzi kama mtu anayetaka kuongeza jambo. Alisimama kichochoroni kulisubiri, jasho likimtoka. Likaja lilelile la kiatu kinachocheka.

Siku mwenye nyumba alipoleta mpangaji mpya na futi ya kupimia, mjane alifunga duka akarudi nyumbani, spika kimya begani. Alikuwa amekata shauri kuongea na mama mkwe kuhusu ile sauti. Aliiweka mezani, akaenda kunawa uso kwanza, na akakawia, maana machozi hayakutaka kukatika.

Akiwa huko akasikia mtu anaongea. Alitoka mbio. Bibi alikuwa ameipakata spika, kidole kwenye kitufe chekundu.

"Watu wa mtaa, hamjambo. Mimi ni mama yake fundi viatu. Mwanangu amekufa, nimemzika. Viatu vyenu alikuwa anashona mkewe tangu zamani, yeye alikuwa na domo tu. Mkewe yupo. Mleteeni kazi."

Akaachia kitufe.

"Mama!" Mjane alimpokonya, akawasha. *Watu wa mtaa, hamjambo.* Akawasha tena. Ilikuwa hiyohiyo. Hasira zilimpanda. "Umemfuta, mama! Kwa nini hukunisubiri? Ningeinakili!"

"Nimekusubiri sana. Nikaona wewe huwezi, na mimi siwezi, na yeye hapumziki." Bibi alijifuta mikono kwenye kanga, ingawa mikono ilikuwa mikavu. "Nilimzaa mimi, mwanangu. Alipokuwa mchanga hakuna aliyeweza kumnyamazisha ila mimi. Hii kazi haikuwa yako."

Mjane alichukua spika, akatoka. Mlango ulipofungwa nyuma yake alimsikia bibi akilia kwa sauti, kilio ambacho hakukitoa hata kaburini. Alitaka kurudi, akaona ni haki yake kulia peke yake.

Akawasha spika, akatembea. Kichochoro chote kilimsikia mama akisema mwanangu amekufa, na milango ikaanza kufunguka. Watu walitoka mikono mitupu. Hakuna aliyeleta kiatu. Walikuja kumpa pole, upya, kana kwamba msiba umetokea asubuhi ile.

"Kesho unafungua?" kinyozi akamuuliza, macho chini.

"Nafungua, shemeji," alisema, akaipandisha spika begani.