Kamera ya Mwenye Duka

Mwenye duka la vipuri alifunga kamera za intaneti ili awachungulie wafanyakazi wake kwa simu akiwa nyumbani, akajiona mjanja kuliko wote. Fundi wa kamera hizo alimsihi abadilishe nywila iliyokuja nazo kutoka kiwandani. "Nani ana haja na duka langu?" akamkatiza.

Mchana mmoja, alipobaki peke yake, alifungua mkoba wa karani wake akachomoa mkate, akaung'ata. Spika ya kamera ikakohoa.

"Bosi, umemwomba mwenyewe?"

Akaigeukia kamera. "Wewe nani?"

"Mpita njia tu wa mtandaoni. Nywila yako moja mbili tatu nne, nani atashindwa kuingia? Tuko sita tunakutazama."

Bosi mzima akaparamia kiti kung'oa waya, shavu limemjaa mkate.