Kuifuata Nyota ya Mkia

Nyasi zilikanyagwa nyuma yake, na jicho la kamera lilikuwa tayari wazi.

Kezia hakugeuka. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye bolti iliyoinua ubao wa kamera, ukiizungusha kidogo kidogo, kwa mwendo uleule wa kumpigapiga mtoto mpaka alale. Wa kushoto ulikandamiza ubao wa chini usitikisike. Mtoto mwenyewe, Esteri, alikuwa mgongoni ndani ya kitenge, pumzi yake ya moto ikimwingia mama shingoni. Mbele yao, mashariki, ilisimama nyota ya mkia: kichwa kama punje ya ulezi inayowaka, mkia mpana ukipanda juu kama moshi mahali pasipo upepo.

Mwanga wa njano ukaanza kutambaa kwenye nyasi.

"Zima taa!"

Maneno yalimtoka kabla hajayapima. Mwanga ukasimama.

"Unamwamrisha nani?"

Ilikuwa sauti ya Pasikali, baba mkwe wake.

Kezia alihisi magoti yanataka kukunjika yenyewe. Tangu aolewe, hajawahi kukutana na mzee huyu asubuhi bila kupiga magoti, kupiga makofi ya taratibu, kisha kumpa mikono miwili na kumuulizia nyumba, shamba na usingizi wake. Hata akiwa na mtungi kichwani, mtungi huwekwa chini kwanza. Lakini bolti haikuwa mtungi. Akiiachia, nyota itateleza.

"Baba, nakuomba. Taa itaunguza picha."

"Salamu je? Nayo inaunguza picha?"

Bolti ilizunguka.

Picha ya kwanza aliipiga wiki iliyopita, kamera ikiwa juu ya jiwe. Nyota zote zilitoka zimechorwa mistari. Hilali, mwenye studio pale Kasulu mjini ambako Kezia alikuwa akisafisha filamu na kukausha picha, alicheka mpaka akashika meza. "Mwanangu, umepiga picha ya mvua!" Kezia hakucheka. Jioni ile, kwenye kisomo cha watu wazima, alimuuliza Mwalimu Isihaka kwa nini nyota zimekimbia. Mwalimu akamwambia asizisingizie nyota, dunia ndiyo inayozunguka. Basi Kezia akaenda kwa Melkiadi, fundi seremala, akamwomba amuungie mbao mbili kwa bawaba ya mlango, na bolti ndefu ya kuinua ubao wa juu. Bawaba angeilaza ikitazama kusini, kwenye ncha ya mzunguko wa dunia, kamera ikae juu, na bolti ipande pole kama nyota zinavyopanda.

"Mlango wa kuingilia wapi huu?" Melkiadi aliuliza.

"Wa juu," akamjibu, na fundi akatikisa kichwa huku akipiga misumari.

Sasa filamu ilikuwa imebaki picha moja. Jana mawingu, juzi mvua. Leo, kukikucha, Hilali anapanda basi la Kibondo na kamera yake, akapige picha za watu huko mpaka masika yaishe. Akirudi, nyota itakuwa imekwenda zake.

"Jana usiku nilisema nini?" Pasikali aliuliza. Taa bado ilikuwa inawaka, ila ameishusha nyuma ya mguu wake.

"Ulisema nisipande huku kilimani."

"Na nikasema ukipanda?"

"Kazi ya mjini basi."

"Kumbe masikio unayo."

Mume wa Kezia, Reverien, alikuwa Tanga kwenye mkonge. Neno la nyumba lilikuwa la mzee huyu. Tena hakuwa mzee mbaya. Miaka michache nyuma alikwenda Munanila kuwapokea watu waliovuka kutoka Burundi wakikimbia mauaji, akarudi akiwa hawezi kula. Tangu hapo, kitu chochote kigeni mbinguni kilimkosesha usingizi, kana kwamba kinatangaza mauaji mengine.

"Kitu kama kile hakiitwi," alisema. "Wewe unakitolea jicho, na mtoto wangu uko naye mgongoni."

"Sikiiti, Baba. Nakifuata tu."

"Wapi?"

"Kinakokwenda."

Mzee aliguna. Kisha Kezia akasikia kioo cha kandili kikinyanyuliwa, pumzi moja, na giza likarudi. Harufu ya mafuta ya taa ikapita. Alitaka kusema ahsante, ila hapo hapo Esteri akashtuka.

Alianza kwa kunung'unika, kisha akapiga teke. Ubao ukatetemeka. Kezia akakaza kiwiko, akajaribu kumwimbia. Mtoto akavuta pumzi ya kilio kikubwa. Kumfungua kulihitaji mikono, na baba mkwe hawezi kumgusa mkamwana mgongoni, hata dunia ipinduke.

Ndipo yakasikika makofi.

Polepole, viganja vilivyokunjwa kidogo, makofi ya mtu anayemwamkia mkubwa wake. Pasikali alikuwa amepiga magoti kwenye umande, mbali kidogo. Esteri alipewa jina la mama yake mzee huyu.

"Mwakeye, Mama," alimwambia mtoto. "Umelalaje? Maharage yako yameota? Na huyu binti uliyekaa mgongoni kwake, anakulisha, au anakulisha nyota tu?"

Kilio kikakatika katikati. Esteri alisikiliza. Makofi yakaendelea, na Pasikali akauliza yote, nyumba, mbuzi, mvua, bila kuruka hata moja. Kezia alizungusha bolti huku machozi yakimshuka, asiweze kuyafuta, mpaka upande wa mashariki ukaanza kuwa kama maziwa yaliyotiwa maji. Akafunga jicho la kamera.

Akageuka, akapiga magoti, akanyoosha mikono miwili. Vidole vya kulia vilikuwa vimekakamaa, havikunjuki vizuri. Pasikali alivitazama kwa muda kabla ya kuvipokea.

"Imeingia?"

"Sijui, Baba. Haijulikani mpaka isafishwe."

"Na ataisafisha nani, Hilali akiwa Kibondo?"

"Mimi. Kamera namrudishia, filamu inabaki."

Mzee alitazama mashariki, mara ya kwanza bila kukinga uso. Mkia ulikuwa umebaki kama pumzi juu ya kioo.

"Mlete Mama hapa," alisema.

Kezia alikunjua kitenge, akamlaza mtoto juu ya nyasi kati yao wawili, akarudi nyuma. Pasikali akamwinua, akamfunika kwa koti lake.

"Basi halimngoji mtu. Kimbia."

Alikimbia. Njia ilikuwa na utelezi, na mgongo wake, usio na mtoto, uliona baridi. Kamera aliikumbatia tumboni. Chini, mjini, basi la Kibondo lilipiga honi. Juu hapakuwa na nyota hata moja tena. Anga lote lilikuwa jeupe, tupu, na Kezia akaupunguza mwendo kila penye jiwe, asije akakitikisa kilichomo.